Siku yangu moja: tumbo limetulia, kichwa kinawaka

Saa kumi na moja alfajiri niko bafuni, nakosha kichwa. Jana usiku nilijipaka marhamu ya lami, asidi ya salisiliki na salfa iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Ndiyo, mafuta ya nazi! Nimetoka Tanga nikaja kuandikiwa nazi na daktari wa Uingereza. Dawa inanuka barabara mpya, ila bila hiyo magamba hayalainiki. Likibanduka moja, jeupe, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hutoka na nywele sita saba zimesimama juu yake, na mizizi yake. Kucha hazigusi. Natumia ncha za vidole tu, kisha natawadha, nasali, nafunga mtandio.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani hapa Reading. Saa kumi na mbili na nusu nimeshawasha gari.

Kwa wasionijua: nina ugonjwa wa Crohn, utumbo unavimba na kutoka vidonda. Nimekuwa nikijichoma sindano ya adalimumab, miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, na tumbo lilitulia kabisa. Nilikula maharage bila woga! Halafu kichwa kikaanza kuwasha, viganja vikatoa vipele vya usaha, nywele zikanyonyoka kwa mafungu. Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, na imeletwa na sindano ileile ambayo wenye soriasisi huchomwa ili wapone. Dawa hii hufunga TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe. Lakini TNF hiyohiyo huizuia kemikali nyingine, interferoni alfa, isizidi. Ukiiondoa TNF, kwa baadhi yetu interferoni inapanda na ngozi inalipuka. Inakadiriwa ni watu 2 hadi 5 katika kila 100 wanaotumia dawa za kundi hili. Kabla ya kuanza nilipimwa kifua kikuu, damu na eksirei, nikaelezwa habari za maambukizi kwa urefu. Ngozi haikutajwa hata kwa sentensi moja, na hilo bado linaniudhi.

Saa moja asubuhi, mteja wa kwanza, bibi wa miaka 91. Kumwogesha, kumvisha, chai na mkate. Shida yangu ni glavu. Jasho likijaa ndani, vipele vya viganjani vinawaka. Vikikauka vinageuka kahawia na ngozi inapasuka kwenye mikunjo, hata kufungua kopo la dawa zake ni kazi. Siku hizi navaa glavu nyembamba za pamba ndani ya zile za kazi. Bibi aliona, akauliza kama naambukiza. Nikamwambia hapana, ni kinga ya mwili wangu mwenyewe. Akasema, "Basi nipe mkono, binti yangu," tukainuka.

Wateja wa katikati nawaruka, wote walikuwa na hasira za mvua.

Saa sita mchana, ndani ya gari, simu kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo mapunye yameisha?"

Mama hana kosa. Hata daktari wa mtaa hapa alisema ni fangasi, nikameza vidonge vyake bila nafuu. Mama anataka niache sindano na ninyoe. Wengine kwetu wakiona mwanamke kanyonyoka nywele wameshamhukumu: ana ugonjwa ule, au saratani. Mtandio unanisitiri barabarani, lakini kwenye singo, sherehe ya kumsinga bibi harusi, wanawake tunafunua vichwa, na huko ndiko macho yalipo. Hina nayo basi tena. Piko ndiyo kabisa, viganja hivi haviwezi.

Saa nane, hospitali. Daktari wa ngozi amepitisha lenzi yenye taa kichwani polepole. Vinyweleo bado viko wazi, hakuna kovu, kwa hiyo nywele zina nafasi nzuri ya kurudi uvimbe ukishuka. Hakuna kusuka kwa kuvuta, hakuna kushonea rasta. Kaongeza klobetasoli, dawa kali ya steroidi, ya maji ya kupaka kichwani. Ameshazungumza na daktari wangu wa tumbo. Wapo wanaoendelea na sindano huku wakijipaka, ngozi ikatulia. Yangu imekataa, basi adalimumab inasimama na nitaanza ustekinumab, dripu kwanza, sindano za ngozini baadaye. Hiyo hufunga interlukini 12 na 23, kemikali nyingine za uvimbe, nayo inatibu Crohn na soriasisi pia. Nilimuuliza kwa nini nisiache mwenyewe mapema. Akanijibu, "Nywele ningekutibia mimi. Utumbo ukiziba unakwenda kwa mpasuaji." Mama nimemrekodia sauti kuhusu hilo, nikaacha neno la mpasuaji.

Saa kumi hadi saa tatu usiku, raundi ya jioni. Wali wa mteja mmoja umeungua, kala hivyohivyo.

Saa tatu na nusu, nyumbani. Nimemwandikia msimamizi aniondoe zamu siku ya dripu. Kajibu nitafute mwenyewe wa kubadilishana naye. Dada mmoja Mkenya kakubali, kwa sharti nimchukulie Jumapili yake ya asubuhi, ile yenye mbwa.