Sentimita 17

Leo ilikuwa siku ya kurekodi dramu, albamu ya kwanza ya bendi ya roki, chumba cha bati hapa Kirumba.

Maiki 4 tu: moja kwenye kiki (dramu kubwa ya mguu), moja kwenye snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), 2 juu.

Hizo za juu zimekula asubuhi nzima. Umbali wake kutoka snea usipolingana, mawimbi ya sauti yanafika kwa kupishana, yanakatana, snea inalia kama kopo.

Dawa ni kupima kwa kamba. Katikati ya snea hadi maiki ya kushoto, kisha ya kulia.

Ya kulia ilizidi ya kushoto kwa sentimita 17. Sauti inachelewa nusu milisekunde hiyo!

Ikasogezwa. Jamani, snea ikajaa.

Kisha mvua ikashuka batini. Ikabidi tuhamie gitaa la besi, waya moja kwa moja bila maiki, mvua isiingie.

Wenzangu mnaorekodi chini ya bati, mvua mnaidhibitije?