Mayai Matatu

Jumapili moja ya mavuno, mwaka 2014, nilikwenda kanisani na hela ya belo kwenye pochi. Nyumbani tulikuwa na wageni na kufuli la kabati lilikuwa limekufa, nikaona heri nitembee nayo. Laki moja na ishirini. Kesho yake alfajiri nilitakiwa niwe soko la Kiboriloni kununua belo la mitumba ya watoto, nikauze.

Usharika wetu uko juu ya Moshi mjini, kwenye migomba. Asiye na fedha hutoa alichonacho: mkungu wa ndizi, kuku, lita ya maziwa. Vikishaombewa madhabahuni tunatoka nje, mzee wa kanisa anageuka dalali. Siku hiyo bibi mmoja alikuwa ameleta mayai matatu ndani ya bakuli la plastiki.

"Elfu moja!" akaanza mama mwenzangu.

Huyu tuligombea naye uenyekiti wa kinamama, akanipita kwa kura tatu. Nilimpongeza, tena nikamkumbatia mbele za watu. Tangu hapo, kila akisimama kuomba, mimi nimefumba macho nahesabu makosa yake ya Kiswahili. Shetani wa sokoni nilishamzoea, yule wa kunong'ona nimpandishie bei mgeni. Huyu wa benchi la kinamama alikuja amevaa kitenge cha sare, sikumtambua.

Nikasema elfu mbili. Akasema tano. Watu wakacheka. Kwa kawaida anayeshinda husema "narudisha", kitu kinanadiwa tena, kanisa linapata mara mbili. Sisi hatukufika huko. Tulipovuka elfu thelathini kicheko kilikata, na bibi mwenye mayai akainamisha kichwa kama aliyefanya kosa. Asubuhi ile ile tulikuwa tumesomewa Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Yangu yote miwili ilikuwa hewani.

"Themanini!"

Mwenzangu akatikisa kichwa, akaanza kunipigia makofi.

Getini akanishika mkono. "Hongera, dada. Mimi mwenyewe nilikuwa na elfu kumi na tano tu."

Nikajibu "Amina". Sikuwa na jingine.

Belo lilisubiri wiki tatu. Mume wangu nilimwambia bei imepanda, na uongo huo nilikuja kuutubu peke yake, siku nyingine kabisa. Mayai niliyakaanga jioni ile ile. Moja lilikuwa viza.