Bei iligusa tu, ikarudi

Juzi usiku mdogo wangu alinitumia picha ya chati yake, na chini yake maneno manne: "Dada, hawa watu wananiona."

Nilijua anachosema kabla sijaikuza picha. Alikuwa amenunua euro dhidi ya dola kwenye soko la fedha za kigeni, akaweka kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa biashara inajifunga yenyewe, bei ikashuka mpaka pale pale, ikamtoa, kisha ikapanda kwenda alikoitarajia tangu mwanzo. Kila mwenye akaunti ndogo ana picha ya namna hiyo kwenye simu. Yangu nimeitunza miaka yote hii: nilinunua kwenye 1.0841, kikomo nikakiweka 1.0796, bei ikafika 1.0793, na kabla siku haijaisha ilikuwa 1.0872. Pointi tatu tu, yaani 0.0003. Siku ile nililia.

Kwa muda mrefu niliamini kuna mtu mahali fulani anaitazama akaunti yangu ya dola 400. Siku hizi siamini hivyo, lakini anayeamini simcheki, maana kinachompata kinampata kweli. Kilichonigeuza ni swali moja: kwa nini niliweka 1.0796? Kwa sababu 1.0800 ni namba kamili, ile inayoishia sifuri, na chini yake kidogo ndipo mahali ambapo kila aliyejifunza nilivyojifunza mimi huona pana usalama. Mchumi Carol Osler alichapisha mwaka 2003 utafiti wa maagizo halisi yaliyopita kwenye benki moja kubwa, akakuta jambo hilo hilo: vikomo vya hasara hurundikana hatua chache tu baada ya namba kamili.

Sasa fikiria aliye upande wa pili. Mwezi Aprili 2022, kwa hesabu ya BIS, benki ya kimataifa inayohudumia benki kuu, soko la fedha za kigeni lilizungusha wastani wa dola trilioni 7.5 kwa siku. Mwenye fungu kubwa la kununua hawezi kulinunua lote kwa mkupuo bila kujipandishia bei mwenyewe. Anahitaji wauzaji wengi kwa wakati mmoja. Na kikomo cha hasara cha mtu aliyenunua ni nini, kama si agizo la kuuza? Chini ya 1.0800 palikuwa na lundo la wauzaji wanaosubiri, na mimi nikiwa mmoja wao. Bei ikashuka, tukauza sote, wenye mafungu wakapokea, ikapanda. Hakuna aliyehitaji kujua jina langu. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni moja na maelfu ya watu nisiowajua.

Nisiwatakase mabroka, kampuni tunazopitia kununua na kuuza. Wengi wao ndio wanaokaa upande wa pili wa oda yako, kwa hiyo hasara yako ni faida yao, na wapo wanaodanganya. Kagua leseni kabla hujaweka hata senti. Lakini broka mwaminifu hana haja ya kukuwinda. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi kwenye mikataba hii ya kubahatisha tofauti ya bei huishia kwenye hasara. Ndiyo maana ikawawekea ukomo wa levereji, yaani biashara yako iwe mara ngapi ya pesa uliyoweka: 1:30 kwa sarafu kubwa.

Liko jambo dogo linalozaa ugomvi mkubwa. Bei huwa mbili, ya kununulia na ya kuuzia, na tofauti yake ndiyo spredi. Chati nyingi huchora ile ya kuuzia peke yake. Ukiwa umeuza kwa kutarajia bei ishuke, oda yako hufungwa kwa bei ya kununulia, ambayo haimo kwenye mshumaa wa chati unaoutazama. Saa 11 jioni ya New York, siku ya biashara inapogeuka na wanaotoa bei wanapopungua, spredi hupanuka. Mtu anaamka, anakuta ametolewa, anaapa kuwa bei haikufika. Ilifika. Chati yake ndiyo haikumwonyesha.

Ila yote hayo ni madogo mbele ya nililolikuta kwenye daftari langu. Nilikuwa naandika saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa kila oda, sijawahi kuzisoma. Siku nilipozisoma, oda za faida nilikuwa nazifunga baada ya dakika kadhaa, moyo ukinidunda, nikiogopa kunyang'anywa. Za hasara nilizikalia siku mbili, siku nne, nyingine wiki nzima, nikisubiri zirudi. Nikaelewa kwa nini kila nikifungua simu niliona nyekundu tupu: za kijani nilikuwa nimekwisha kuzifunga. Soko lilionekana linanigeuka kwa kuwa nilibaki nalo pale tu liliponigeuka. Watafiti Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza tabia hii mwaka 1985, na Terrance Odean akaionyesha mwaka 1998 kwenye akaunti 10,000 za watu wa kawaida Marekani. Kusoma kwamba watu wote hao walifanya kama mimi kulinifariji kuliko mafunzo yote niliyowahi kulipia.

Na kuna ukubwa wa oda. Hupimwa kwa loti. Ile ya pointi tatu ilikuwa loti 0.20, dola 2 kila pointi, kwa hiyo kikomo changu cha pointi 45 kilibeba dola 90 kati ya 400. Ukipoteza moja ya tano mara tano mfululizo, unabaki na theluthi. Na kwa oda 100, hasara tano mfululizo ni jambo la kutarajia, hata kwa mwenye mbinu nzuri.

Kwa hiyo sikumjibu mdogo wangu habari za chati. Nilimuuliza: loti ngapi, akaunti ina shilingi ngapi za kizungu? Akakaa kimya karibu saa nzima. Kisha: loti 0.50, dola 300, levereji 1:500.

Nikamwandikia hesabu. Loti 0.50 ni dola 5 kila pointi. Gawanya 300 kwa 5.

"Dada, kwa hiyo pointi 60 tu na akaunti yote imeungua?"

Nikamwambia hata 60 hazifiki, broka anaifunga kabla. Na euro hutembea pointi 60 siku ya kawaida kabisa, bila kumtafuta mtu yeyote.