Somo la kilimo limehamia nyuma ya darasa
Hapa Ujiji tunatengeneza mboji, na wanafunzi wangu wameleta mikungu ya chikichi iliyopukuchuliwa, maganda ya ndizi za sokoni na vichwa vya samaki aina ya migebuka (harufu yake tuiache). Mikungu hiyo ina potasiamu nyingi, mifupa ya samaki ina fosforasi. Tunavichoma au kuvitupa, kisha tunakimbilia dukani kununua mbolea! Tumepanga tabaka kwa tabaka: kavu nyingi, mbichi kidogo, maji ya kulowesha tu. Juzi binti mmoja kachomoa kijiti tulichokichomeka katikati, akakitupa: "Mwalimu, kinaunguza!" Ni bakteria hao wanaoozesha taka, joto linaweza kufika nyuzi 60. Mbwa wa mtaa nao washaijua njia, samaki ikabidi tuwafukie chini kabisa.