Sarabi ya Chalbi

Wapendwa katika Bwana, neno la juma hili ni Isaya 35:7, nami nawaomba mlisome pamoja na mistari miwili ya Yeremia, yaani 2:13 na 15:18. Nimeyasoma maandiko hayo kwa miaka mingi bila kuyaweka pamoja, hadi siku moja ya Februari niliposafiri kwa gari katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya.

Tulikuwa Marsabit kwa semina ya walimu wa shule ya Jumapili, na semina ilipokwisha wenyeji wetu walitutafutia gari na dereva ili tukalione jangwa kabla ya kurudi makwetu. Tuliondoka alfajiri, watu sita, tukiwa tumejifunga masweta, kwa sababu mji wa Marsabit uko juu ya mlima wenye msitu, na hata wakati wa kiangazi ukungu huushukia usiku na kuufunika mpaka jua linapopanda. Dereva alilazimika kuwasha vifuta kioo ili aione njia. Mmoja wetu aliuliza kama mvua ilikuwa imenyesha, naye akajibu kwamba hapana, huo ni ukungu tu, na kwamba miezi mingine msitu ule haunywi kitu kingine.

Tulishuka kwa barabara ya lami iendayo Moyale, kisha tukakata kushoto kufuata njia ya kwenda Maikona. Baridi ilituacha kabla hatujamaliza chai ya kwenye chupa. Kwa mwendo mrefu hapakuwa na kitu ila mawe meusi yaliyotapikwa na volkano zamani za kale, yametapakaa pande zote mpaka upeo wa macho, na kati yake vichaka vichache visivyo na majani. Baada ya Maikona mawe yakakoma, nchi ikawa tambarare na nyeupe, na dereva akasimamisha gari ili tushuke. Ardhi ya Chalbi ina ngozi ya chumvi. Niliikanyaga, ikavunjika kwa sauti ndogo, kama ukoko wa wali unaobanduliwa chunguni, na chini yake palikuwa na udongo laini wa kijivu. Nilichukua kipande na kukigusa kwa ulimi. Ni chumvi ile ile ambayo Wagabra, wafugaji wa nchi hiyo, huwapeleka ngamia wao kuilamba.

Mahali pale palikuwa ziwa. Watafiti wanaosoma matabaka ya udongo na maganda ya konokono wa majini wanatuambia kwamba miaka ipatayo elfu kumi iliyopita Chalbi ilijaa maji, na maji hayo yalifurika kuelekea Ziwa Turkana lililo magharibi yake. Hata leo, mvua kubwa isiyo ya kawaida ikinyesha, bonde hilo hufunikwa na maji kwa muda, na gari lolote lililothubutu kupita hunasa matopeni.

Tulipoendelea mbele, yapata saa tano, niliona maji. Sisemi nilidhani, niliyaona, mapana, ya buluu, yenye vilima vidogo vikielea juu yake na taswira ya vilima hivyo ikionekana chini yake. Nilimwomba dereva atupeleke ukingoni tukapige picha. Yeye ni Mgabra, mtu mzima wa maneno machache. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hayo maji hukimbia. Ukiyafuata utamaliza mafuta." Nilinyamaza, lakini sikuacha kuyatazama, na kweli, kadiri tulivyosogea nayo yalisogea, yakiwa mbele yetu kwa umbali ule ule, mpaka jua lilipokaa utosini yakawa yametuzunguka pande tatu.

Kiswahili kina majina mawili ya kitu hicho: mazigazi na sarabi. Hutokea pale ambapo hewa iliyogusana na ardhi ya moto hupinda mwanga unaotoka angani, nalo jicho hudhani mwanga huo umetoka ardhini. Maana yake ni kwamba ile buluu niliyoiona ilikuwa mbingu, nami niliitafuta mahali ambapo haipo. Neno sarabi limetujia kutoka Kiarabu, na ndugu yake wa Kiebrania, *sharabu*, ndilo alilolitumia Isaya katika mstari wetu. Watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili waliliandika "mchanga ung'aao mfano wa maji", na ninawashukuru, kwa maana walieleza kitu chenyewe badala ya kukitaja jina tu. Isaya haahidi tu kwamba nchi kavu itapata maji. Anasema kwamba kile kile kilichomdanganya msafiri, kile alichokifuata mpaka miguu ikachoka, ndicho kitakachogeuka kuwa ziwa. Ni ahadi iliyotolewa kwa watu waliokwisha kudanganyika mara nyingi.

Ndiyo sababu siwezi kuusoma mstari huo haraka, na hasa siwezi kuuhubiri haraka mbele ya watu wa kaskazini. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi hiyo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika maeneo kame ya Kenya. Dereva wetu alikuwa na mbuzi na ngamia wakati huo. Alituambia, akiwa ameshika usukani na bila kutugeukia, kwamba mwishoni aliacha kuwahesabu waliokufa, akawa anawahesabu waliosimama, na asubuhi moja akawakuta wanane. Kila msimu, alisema, mawingu yalikuja. Yalisimama juu ya vilima, yakawa meusi, watu wakatoa shukrani, kisha upepo ukayachukua.

Sasa msomeni Yeremia 15:18. Nabii huyu anamuuliza Mungu kama atakuwa kwake "kama kijito kidanganyacho" na "kama maji yasiyodumu". Anamwambia Bwana usoni kwamba anaonekana kama sarabi. Na huyu ndiye yule yule ambaye katika sura ya pili aliagizwa kuutangazia Yerusalemu neno la Bwana, kwamba watu wake wamemwacha yeye aliye "chemchemi ya maji ya uzima", wakajichimbia mabirika yavujayo. Mtu aliyeihubiri chemchemi alifika siku akashindwa kuiona. Wapo miongoni mwetu wanaoona aibu kuomba kwa maneno kama hayo, wakidhani kwamba imani ni kusema maji yapo hata koo likiwa limekauka. Biblia haikuyafuta maneno ya Yeremia. Tena jibu alilopewa katika mstari unaofuata halimwelezi kwa nini aliteseka, wala halimkemei kwa kuuliza. Linamwita arudi, asimame mbele za Bwana. Lalamiko lake aliloliita jeraha lisiloponyeka lilimfikia yule yule aliyekuwa akimlalamikia, naye akajibiwa.

Tulifika Kalacha alasiri, na huko tuliyaona maji ya kweli. Nakiri kwamba hayakuwa na sura ya kuvutia kama yale ya saa tano. Kuna mikoma iliyosimama kwa makundi, kuna majani mafupi ya kijani yanayoshangaza macho baada ya weupe ule wote, na kuna chemchemi na visima ambavyo huwezi kuyaona maji yake mpaka umefika na kuinama. Maji yenyewe yana ladha ya magadi kidogo. Mama mmoja alikuwa ameketi kando ya hori la kunyweshea mifugo, akiziba ufa kwa udongo mbichi. Alichota udongo kwa vidole viwili, akaupaka, akaulainisha kwa ukucha wa kidole gumba, akamwagia maji kidogo kulijaribu, na tone lilipopenya akarudia tena. Nyuma yake ngamia walingoja, bila kusukumana. Ngamia aliyekaa siku kumi bila maji anaweza kunywa lita mia moja kwa kituo kimoja, na hori likivuja nguvu za anayeteka huishia mchangani. Tulimsalimu, naye akaitikia "Nagaa", yaani amani, akaendelea na kazi yake. Nilikumbuka yale mabirika yavujayo ya Yeremia, nikaona kwamba nilikuwa nimeyafundisha maisha yangu yote bila kuwahi kumtazama mtu akiliziba hori.

Dereva alitueleza pia juu ya firigogo, ndege wanaofika majini kwa makundi asubuhi. Hutaga mayai yao mbali sana na maji, na dume huingia majini akalowesha manyoya ya kifua, yanayoshika maji kuliko manyoya ya ndege wengine, kisha akaruka mwendo huo wote kwenda kuwanywesha makinda. Wataalamu wa ndege wamelithibitisha jambo hilo. Wagabra hawakuhitaji kuthibitishiwa.

Nilimuuliza dereva maji hayo yanatoka wapi, kwa kuwa mvua hakuna. Hakuonyesha juu. Alionyesha kwa kidevu kule kaskazini, kwenye milima ya Huri, iliyoonekana kama mstari wa kijivu. Mvua inyeshayo na ukungu utuao juu ya vilima vile, na juu ya mlima Marsabit vilevile, huzama katika nyufa za yale mawe meusi tuliyoyapita asubuhi na kusafiri chini ya ardhi kwa muda mrefu, mpaka mawe hayo yanapokutana na udongo mzito wa lile ziwa la kale. Hapo maji hayana pa kupenya, nayo hujitokeza. Ndiyo maana Maikona na Kalacha ziko ukingoni mwa Chalbi, mahali penye maji ya kunyweka, wala si katikati yake. Yale mawe niliyoyahesabu kuwa ukiwa mtupu ndiyo njia ya maji. Katika miaka ile mitatu ya mawingu ya uongo visima vilipungua, na vingine vilikauka, lakini chemchemi ya Kalacha, alisema dereva, ndiyo iliyowanywesha wale wanane wake.

Hakulisema hilo kama ushuhuda. Alilisema kama mtu anayetaja deni lake. Tulikaa kimya, kisha mzee wa kundi letu akamwomba ruhusa ya kuwaombea yeye na nyumba yake, na kwa sababu hatukujua kama ingemfaa tuombe kwa namna yetu, tulimuuliza. Akasema, "Ombeni mvua. Na ombeni wale wa mlimani wasikate msitu." Tuliomba hayo mawili tukiwa tumesimama kando ya hori, na yule mama akaacha udongo wake akainua mikono pamoja nasi.

Juma hili nawasihi mmpelekee Bwana jambo moja ambalo mmelifuata kwa muda mrefu nalo likawakimbia, na mlitaje kwa jina lake, hata kama ni kwa maneno makali ya Yeremia. Nawasihi pia mwombee nyumba za kaskazini ambazo bado zinajaribu kuwarudisha mbuzi kutoka wanane hadi idadi inayoweza kulisha watoto.

Tulirudi usiku. Karibu na mji gari lilipoanza kupanda, baridi ikarudi, na kabla ya kufika kwenye miti ya kwanza dereva akawasha tena vifuta kioo. Aliposimama mbele ya nyumba tulimofikia, nilibaki nje kidogo. Mti mkubwa wa uani ulikuwa ukidondosha matone kutoka katika kila jani, polepole, na nilipoinama kugusa ardhi chini yake haikuwa na dimbwi lolote, kwa maana maji yote yalikuwa yamekwisha kuzama.