Kdump kupitia mtandao: moduli ya kadi ilipogoma kupakiwa kwenye kerneli ya pili

Kdump ni huduma ya Linux: kerneli (kiini cha mfumo) inapoanguka, huwashwa kerneli ya pili ili kuhifadhi nakala ya kumbukumbu, yaani vmcore. Nilipanga seva itume vmcore kwa ssh kwenda seva nyingine kila kerneli inapoanguka. `kdumpctl status` ilisema iko tayari, na `/sys/kernel/kexec_crash_loaded` ilionyesha 1. Nikaiangusha kwa makusudi kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Mashine ikawaka upya, na upande wa pili hakikufika kitu.

Ile 1 inathibitisha jambo moja tu: kerneli ya pili imeshapakiwa kwenye kumbukumbu iliyotengwa. Haisemi lolote kuhusu kama kerneli hiyo itaweza kuwasha kadi ya mtandao. Kwa hiyo kabla ya kubahatisha, weka `failure_action shell` ndani ya `/etc/kdump.conf`, na uwe na konsoli ya serial, `console=ttyS0,115200`. Bila hivyo kosa linapita skrini na kupotea mashine inapowaka upya.

Nilipojaribu tena, kerneli ya pili iliposhindwa ilinipa shell. `ip link` ilionyesha `lo` peke yake. `modprobe`, amri ya kupakia moduli (kipande cha kerneli, kama draiva), ikakataa draiva ya kadi, na `dmesg` ikatoa mistari kadhaa ya `Unknown symbol`, yote ikiishia na `(err -2)`. Maana yake draiva inaita kazi (functions) zilizomo kwenye moduli nyingine ambayo haijapakiwa. Humo ndani ya kerneli ya pili sikuiona kabisa.

Nilirudi kwenye mfumo wa kawaida, ambako kadi ile ile ilifanya kazi bila tatizo. Draiva ilikuwa imejengwa nje ya kerneli na kuwekwa chini ya `/lib/modules/$(uname -r)/extra`. Nikaiuliza kwa njia mbili:

`modinfo -F depends jina_la_draiva`
`modprobe --show-depends jina_la_draiva`

Amri ya kwanza husoma faili la moduli lenyewe, na ilitaja moduli saidizi. Ya pili hufuata `modules.dep`, orodha ya moduli na zile zinazozitegemea, na haikuitaja. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Toleo la zamani la draiva halikuhitaji msaidizi. Toleo jipya liliandikwa juu ya lile la zamani bila kuendesha `depmod`, amri inayoandika upya orodha hiyo, na huduma moja ya systemd ilikuwa inapakia zote mbili kwa `insmod`, msaidizi kwanza. `insmod` haiangalii `modules.dep`, ndiyo maana kasoro ilijificha. Dracut nayo, inapojenga initramfs ya kdump (mfumo mdogo wa mafaili ambao kerneli ya pili huanza nao), hufuata `modules.dep`: ikachukua draiva, ikamwacha msaidizi. Ukisoma `dmesg` ya mfumo wa kawaida kwa makini utalikuta kosa hilo hilo mara moja, udev, inayotambua vifaa, inapojaribu kupakia draiva kabla ya ile huduma. Nilipaswa kuanzia hapo.

Marekebisho:

`depmod -a`
`touch /etc/kdump.conf`
`kdumpctl restart`
`lsinitrd /boot/initramfs-$(uname -r)kdump.img | grep '\.ko'`

Usiiruke `touch`. Inailazimisha kdump ijenge initramfs upya. Bila hiyo unaweza kubaki na ya zamani na kudhani umetengeneza. Mstari wa mwisho ndio ushahidi: lazima uyaone mafaili yote mawili. `extra_modules` pia ingemwingiza msaidizi kwa nguvu, lakini ingeacha `modules.dep` ikiwa mbovu, nami sikuitaka.

Jaribio la tatu lilivuka hapo, likakwama kwenye `Cannot allocate memory`. Nilikuwa nimetenga 160M za kumbukumbu kwa kerneli ya pili. Draiva za kadi za kasi hutenga bafa kwa kila foleni, na foleni kwa kawaida hufuata idadi ya CPU, kwa hiyo kwanza hakikisha `nr_cpus=1` imo kwenye `KDUMP_COMMANDLINE_APPEND` ndani ya `/etc/sysconfig/kdump`. Kwangu ilikuwemo na bado haikutosha. Nikaongeza:

`grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=256M"`

Baada ya kuwasha upya, `/sys/kernel/kexec_crash_size` ilisoma 268435456, ambayo ndiyo 256M kamili.

Safari hii kwenye seva pokezi, ndani ya `/var/crash`, lilijitokeza `vmcore-incomplete`, likakua, kisha likabadilika jina kuwa `vmcore.flat`. Umbo hilo la flat linatokana na `-F` kwa makedumpfile, programu inayoandika vmcore, kwenye mstari huu wa `/etc/kdump.conf`: `core_collector makedumpfile -F -l --message-level 7 -d 31`. Kwa ssh ni lazima, kwa sababu data inapita kwenye bomba na makedumpfile haiwezi kurudi nyuma kuandika. Ile 31 huacha kurasa za sifuri, za akiba, za programu za watumiaji na zilizo huru. Kulirudisha faili kwenye umbo la kawaida:

`makedumpfile -R vmcore < vmcore.flat`

Kisha nikarudisha `failure_action reboot`, nikaifuta huduma ya `insmod`, na `depmod -a` pamoja na `touch` nikaziweka ndani ya hati inayosakinisha draiva.