Kusita kabla ya kupiga

Pointi moja ya skwoshi ya jioni hii bado inanizunguka kichwani. Mpira ulianguka mfupi kona ya mbele kulia, mpinzani wangu akaufikia raketi ikiwa tayari juu. Hakupiga. Alisita kidogo tu, nami kule kwenye T, makutano ya mistari katikati ya uwanja, nikaruka kile kiruko cha kujiandaa, nikatua, uzito wote ukaenda mbele kuiwahi dropu, lile pigo laini la kufia karibu na ukuta wa mbele. Hapo ndipo alipousukuma mpira, ukanipita hadi nyuma.

Wengi husema chenga za skwoshi ni kifundo cha mkono. Mimi naona kifundo ni kitu cha mwisho. Huwezi kumchelewesha mtu kwa muda ambao huna, na muda huo huupati ila kwa kufika mapema. Raketi juu, bega limegeukia ukuta wa pembeni, vidole vimeshika mpini bila kuukaba: umbo liwe lile lile, iwe unataka dropu au draivu, yaani pigo refu la kwenda nyuma. Anayeishusha raketi mapema kwa sababu anataka dropu ameshatangaza.

Uwanja una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4 tu. Kutoka T, kona zote ziko hatua chache, kwa hiyo anayekusoma mapema hufika bila shida. Kusita kunamlazimu atue kabla hujapiga, na mwili uliotua lazima usukumwe upya. Jonathon Power wa Kanada, bingwa wa dunia wa 1998, alisifika kwa hila za aina hii. Baadaye akaja Ramy Ashour wa Misri. Ukimtazama Ashour, usiangalie mpira. Mwangalie mpinzani wake, hasa miguu.

(Mpira nao una neno lake. Ule wa nukta mbili za njano ukiwa baridi haudundi, nawe ukisita, unakufa miguuni pako. Upashe moto kwanza.)

Kesho nacheza na mzee mmoja asiyebahatisha kamwe. Anasimama pale katikati, anangoja mpira utoke kwenye raketi, ndipo anakwenda. Huyo kumsitia ni kumpa nafasi ya kupumua. Nitampigia draivu za kubana ukuta, moja baada ya nyingine, mpaka achoke kungoja na aanze kukisia.